Lumumba: karani wa posta aliyefungwa, kisha akakabidhiwa inchi

Kwenye barabara ya Uvira kwenda Baraka, hapa Swima na vijiji vya jirani, kuna swali moja ambalo halichoki. Linatoka kila mara watu wanapoongea habari ya vijana wanaoacha makundi ya silaha na kurudi nyumbani. Mtu aliyekosa jana, serkali inaweza kumpa bunduki leo? Inaweza kumuweka polisi, ama kwenye ofisi ya usalama, ama kumpa kazi ya kulinda ghala la chakula cha watu? Mzee mmoja atakuambia kwamba aliyeonja asali haonji mara moja. Mama mwingine atakuambia kwamba tukiwafungia mlango watarudi kule walikotoka, na njia ya kule wanaijua vizuri kuliko siye. Wote wawili wana haki.

Leo hatuleti hotuba ya mkubwa yeyote juu ya hili swali. Tunaleta maisha ya mtu ambaye kila mtoto wa inchi hii analijua jina lake: Patrice Emery Lumumba, waziri wa kwanza wa Kongo huru. Jambo ambalo wengi hawajui, ama wanajua lakini hawapendi lisemwe, ni kwamba mwaka 1956 huyu mtu aliingia jela kwa pesa za serkali. Miaka 4 tu baadaye alikabidhiwa serkali yote. Kuna wasomaji watakaokasirika kwamba tunafukua habari kama hii. Tunawaomba wasome mpaka chini.

Lumumba alizaliwa tarehe 2 mwezi wa saba 1925, katika kijiji cha Onalua, territoire ya Katako-Kombe, kule Sankuru. Ni Mutetela. Wazazi wake walikuwa wakulima. Alipita kwa Waprotestanti, akapita kwa Wakatoliki, masomo yake hayakwenda mbali sana. Kijana bado, aliacha kijiji akakamata njia ya Maniema, akafanya kazi kwenye kampuni ya madini upande wa Kindu na Kalima. Watu wa kwetu wanaokwenda kutafuta maisha kwenye migodi wanaijua hiyo njia. Lakini yeye hakukaa kwenye madini. Alifika Stanleyville, ndiyo Kisangani ya leo, akaingia kazi ya posta. Walimtuma Léopoldville, Kinshasa ya leo, kusomea kazi hiyo, akarudi kuwa karani.

Kazi ya posta wakati ule haikuwa kazi ndogo. Posta ilibeba barua, ilibeba pesa, ilishika akiba za watu na hesabu za cheki. Mweusi aliyekaa nyuma ya ile meza alikuwa mtu wa kuaminiwa. Lumumba alisoma usiku, aliandika kwenye magazeti, aliongoza vyama vya watu waliosoma mjini, wale waliokuwa wanaitwa evoluwe.

Sasa hapa inabidi tusimame kidogo, maana watu wengi wanafikiri kwamba kuchunguza mwenendo wa mtu kabla ya kumpa nafasi ni jambo la leo. Wabelgiji walikuwa na mashine yao. Mwaka 1948 walileta karte ya mérite civique, kwa mweusi aliyeonekana ana tabia nzuri. Mwaka 1952 wakaleta nyingine ya juu zaidi, ile ya imatrikulasio. Aliyeipata alihesabiwa mbele ya sheria karibu sawa na mzungu. Lakini kuipata! Watu wa kamati walikuja mpaka nyumbani kwako. Walitazama kama mnakula mezani pamoja na mke, walitazama jiko, walitazama choo, vitanda vya watoto, uma na visu. Walimuuliza mke maswali. Walitaka kujua kama uliwahi kuhukumiwa, kama unakunywa sana, kama una mke mmoja. Kwa inchi yenye watu zaidi ya milioni 12, walioipata walikuwa mia chache tu.

Lumumba aliomba. Walimkataa. Hakunyamaza, alipeleka rufaa, na mwaka 1954 akaipata. Basi kwa macho ya serkali ya koloni alikuwa mtu safi kabisa. Mwaka 1955, mfalme Baudouin alipotembelea Stanleyville, Lumumba alipata nafasi ya kuongea naye uso kwa uso, na maneno yalienea mjini kote. Mwaka 1956 wakamchukua pamoja na wengine kutembelea Ubelgiji.

Aliporudi kutoka huko, walimkamata. Ilikuwa mwezi wa saba 1956. Wakaguzi wa hesabu walikuwa wameona kwamba kwenye cheki za posta kulikosekana pesa, franka kama 126.000. Lumumba hakukana. Alieleza kwamba mshahara wa karani mweusi haukuweza kulisha yale maisha ambayo Wabelgiji wenyewe walikuwa wanamtaka ayaishi: nyumba, viti, nguo, vitabu, watoto shuleni. Mzungu aliyefanya kazi ya namna moja naye alilipwa mara nyingi zaidi. Hilo ni kweli. Lakini pesa hazikuwa zake, na hilo pia ni kweli. Kwa maoni yangu mimi ninayeandika, hatumheshimu Lumumba kwa kusema kwamba ilikuwa kesi ya kutungwa. Alichukua.

Korti ilimhukumu miaka 2. Baadaye kifungo kilipunguzwa, na pesa zilirudishwa. Ndani ya jela aliandika kitabu kizima juu ya mustakabali wa Kongo, ambacho kilichapishwa Brussels mwaka 1961, yeye akiwa ameshauawa. Ukikisoma utashangaa. Ni maneno ya mtu ambaye bado anaamini kwamba Wabelgiji na Wakongomani wanaweza kuishi pamoja kwa heshima. Jela haikumfanya mara moja kuwa yule Lumumba wa mwaka 1960. Mwaka 1957 alitoka, bila kazi, na posta ilikuwa imefungwa kwake.

Tutazame vizuri alikuwa na nini mkononi siku ile. Alikuwa na kosa linalojulikana, lililoandikwa, lililopitia kwa mahakimu. Alikuwa ametumikia adhabu. Deni lilikuwa limerudishwa. Hakuna mtu angeweza kumtisha kwamba atafichua siri yake, maana haikuwa siri tena. Ninalisema hili kwa sababu siye wa mashariki tumeona mfano wa namna nyingine. Bosco Ntaganda alikuwa anatafutwa na Korti ya kimataifa ya La Haye tangu 2006. Hakuwa amehukumiwa, hakuwa amejibu kitu, na mwaka 2009 aliingizwa katika jeshi la taifa akiwa na cheo cha jenerali, ili amani ipatikane. Mwaka 2012 aliasi. Mwaka 2019 ndipo La Haye ilimpa miaka 30. Watu wakisema kwamba vyeo vilitolewa kwa wakosaji, mara nyingi wanamaanisha mambo ya namna hii: cheo kilitangulia, hukumu ikaja nyuma. Kwa karani wa Stanleyville hukumu ilitangulia.

Nani alimpa kazi mtu wa jela? Kiwanda cha bia. Lumumba alihamia Léopoldville akaajiriwa kuuza bia ya Polar, wakati ule ikishindana vikali na Primus. Ndiyo, ile Primus yetu. Alizunguka mitaani, aliongea na watu, aligawa chupa, na bia iliuzwa sana. Kile kiwanda hakikuuliza sana juu ya posta. Kilitazama kama anaweza kuuza. Na huko baani na viwanjani ndipo alijifunza kuongea na watu wa mji mkuu ambao hawakuwa wa kabila lake.

Mwezi wa kumi 1958 alikuwa kati ya walioanzisha chama cha MNC, chama kilichotaka Kongo moja, si ya kabila fulani. Mwezi wa kumi na mbili alikwenda Accra, kwa Nkrumah, kwenye mkutano wa Waafrika. Toka pale sauti yake ilibadilika, akadai uhuru bila kungoja. Na toka pale pia ndipo maadui zake walifungua tena lile faili la posta. Kwenye magazeti ya Wabelgiji jina lake lilikuwa linafuatana na neno mwizi. Kila alipopanda, kosa la 1956 lilipanda naye.

Wanainchi je? Wanainchi walijua. Stanleyville ndipo kesi ilipokuwa, na Stanleyville ndipo alipopendwa kuliko mahali popote. Kuna anayeweza kusema kwamba walimsamehe kwa sababu kuiba pesa ya mkoloni hawakuona ni wizi. Inawezekana wengine walifikiri hivyo. Lakini walikuwa pia wamemuona baada ya jela, miaka karibu 3, akifanya kazi, akitembea, akisema jambo moja mbele ya watu wote.

Mwisho wa mwezi wa kumi 1959 kulikuwa na vurugu Stanleyville baada ya mkutano wa chama, watu kama 30 walikufa. Lumumba alikamatwa tena, mara hii kwa maneno yake. Mwezi wa kwanza 1960 alihukumiwa miezi 6 na kupelekwa jela ya Jadotville, ndiyo Likasi. Lakini huko Brussels viongozi Wakongomani walikuwa wameshaketi kwenye Meza ya Mviringo na Wabelgiji, na walikataa kuendelea bila yeye. Ilibidi atolewe jela na kupandishwa ndege. Alifika Brussels akiwa bado na bandeji kwenye mikono, pale pingu zilipomuumiza. Siku chache tu, kutoka mfungwa mpaka mjumbe. Pale ndipo tarehe 30 mwezi wa sita ilikubaliwa kuwa siku ya uhuru.

Uchaguzi wa mwezi wa tano 1960 ulimpa Lumumba viti vingi kuliko chama kingine chochote, lakini si zaidi ya nusu. Waziri wa Ubelgiji aliyetumwa Léopoldville kusimamia mambo, Ganshof van der Meersch, alimuita tarehe 13 mwezi wa sita atafute njia ya kuunda serkali. Siku 4 baadaye akamuondolea kazi hiyo na kumpa Kasa-Vubu. Kasa-Vubu hakuweza. Tarehe 21, baada ya mtu wa Lumumba kushinda uraisi wa Bunge, walilazimika kumrudia. Aliyekuwa karani akawa waziri wa kwanza, na pia akashika wizara ya ulinzi.

Na hapa hadithi inageuka. Mpaka sasa Lumumba alikuwa yule anayechunguzwa. Sasa ni yeye atakayechunguza wengine.

Jeshi lililoachwa na Wabelgiji, Force Publique, lilikuwa na askari kama 25.000, na hakuna mweusi hata mmoja aliyekuwa ofisa. Siku chache baada ya uhuru, jenerali Janssens aliwaonyesha askari kwamba kwao hakuna kitakachobadilika. Askari waliasi. Tarehe 8 mwezi wa saba serkali iliketi kambini kwa haraka kutafuta wakubwa weusi wa kuongoza jeshi. Hawakuwa na wiki mbili za kuchunguza watu. Hawakuwa na hata siku mbili. Walimuweka Victor Lundula, aliyekuwa ametumikia jeshi zamani, kuwa jenerali na mkuu wa jeshi. Lakini Lundula alikuwa Katanga, mbali. Aliyekuwa karibu ni yule atakayekuwa shefu wa eta-major. Kwa nafasi hiyo majina mawili yalibaki: Maurice Mpolo, waziri wa vijana, na Joseph-Désiré Mobutu.

Mobutu naye alikuwa na kosa la zamani. Mapadri walimfukuza shule kule Coquilhatville, ndiyo Mbandaka, baada ya kutoroka kwenda kustarehe Léopoldville. Adhabu yake ilikuwa kuingizwa katika Force Publique kwa miaka 7. Alitumikia, akajifunza uandishi na hesabu, alitoka mwaka 1956, akawa mwandishi wa habari. Ukitazama karatasi peke yake, ni mtu aliyenyooka. Adhabu ilimjenga. Kama angekuwa kijana wa Fizi leo anayepeleka faili lake kwenye kamati, angepita.

Kitu kilichomhusu Mobutu hakikuwa kwenye faili. Alipokuwa Brussels kabla ya uhuru, watu walisema kwamba anapeleka habari za wenzake kwa upelelezi wa Wabelgiji. Maneno hayo yalimfikia Lumumba. Alionywa. Lakini Mobutu ndiye aliyemsaidia kwenye mambo ya chama kule Brussels, alikuwa amemuweka tayari kuwa katibu wa serkali ofisini kwake, alimuona kama mdogo wake. Na huenda, hili ni wazo langu, mtu ambaye yeye mwenyewe amefuatwa miaka 4 na jina la mwizi anachoka kusikiliza watu wanaochafua majina ya wengine. Alimchagua Mobutu, akampa cheo cha koloneli.

Yaliyofuata yanajulikana, tupite haraka. Tarehe 11 mwezi wa saba Katanga ilijitenga. Wabelgiji walirudisha askari wao, Umoja wa Mataifa ukaingia. Lumumba aliomba msaada kwa Warusi, Wamarekani wakaamua kwamba aondoke. Tarehe 5 mwezi wa tisa Kasa-Vubu alitangaza kumfukuza. Mobutu alikuwa anazunguka kwenye makambi, na mishahara ya askari ililipwa kwa pesa iliyotoka inje. Tarehe 14 alitangaza kwamba jeshi linaweka wanasiasa wote pembeni. Mtu aliyepewa jeshi na Lumumba alilitumia kumfungia Lumumba nyumbani.

Usiku wa tarehe 27 mwezi wa kumi na moja Lumumba alitoroka kuelekea Stanleyville. Tarehe 1 mwezi wa kumi na mbili askari wa Mobutu walimkamata huko Lodi, kando ya mto Sankuru, alipogeuka kungoja mke wake na mtoto waliobaki ng'ambo. Walimfunga kambini Thysville. Tarehe 17 mwezi wa kwanza 1961 alipelekwa Katanga kwa ndege, alipigwa njiani, na usiku huohuo aliuawa. Alikuwa na umri wa miaka 35. Waliouawa pamoja naye ni Joseph Okito, makamu wa raisi wa Seneti, na Maurice Mpolo. Mpolo ndiye yule ambaye hakuchaguliwa tarehe 8 mwezi wa saba.

Kwetu Fizi jina la Lumumba halikufa. Mwaka 1964, Wasimba waliposhika Uvira na Fizi, walikwenda vitani wakilitaja. Baraka ilibaki mikononi mwao mpaka mwaka 1965, mamluki walipokuja kwa njia ya ziwa. Walioishi porini miaka ile, walipotoka, nao walikutana na lile swali la kwamba serkali iwaamini ama isiwaamini. Si swali la mwaka huu.

Leo mpango wa P-DDRCS, uliowekwa mwaka 2021, unasema wazi kwamba anayeweka silaha chini asitegemee kuingizwa jeshini na cheo chake cha porini. Arudi kwanza katika maisha ya raia, kwenye kijiji chake. Vijana wengi hawapendi hilo, wanaliona kama adhabu. Lakini kijiji kinaona mambo ambayo faili haioni: nani anamtembelea usiku, nani anamlipia simu, kama amewaomba msamaha wale aliowachukulia ng'ombe. Hati ya mahakama, ile tunaita kazie, itakuambia kama mtu alihukumiwa. Kwa Lumumba ingesema ndiyo. Kwa Mobutu ingesema hapana. Tatizo ni kwamba hata kijiji kinadanganywa, na hata kijiji kina visasi vyake na ukabila wake, na kamati ya watu wa eneo moja inaweza kumfungia mlango kijana kwa sababu tu ya jina la baba yake. Ndiyo maana yule mzee na yule mama wa mwanzo bado wanabishana.

Tarehe 30 mwezi wa sita 1966, akiwa raisi, Mobutu yuleyule alimtangaza Lumumba kuwa shujaa wa taifa. Kaburi halikuwepo. Mwili ulikuwa umeharibiwa kwa asidi na polisi Mbelgiji, aliyejiwekea meno. Jino moja ndilo lililorudishwa kwa watoto wake Brussels, tarehe 20 mwezi wa sita 2022. Kabla ya kuzikwa Kinshasa lilizungushwa inchini: Sankuru alikozaliwa, Katanga alikouawa, na Kisangani, mji wa ile posta na ile kesi, ambako watu walitoka kwa wingi mabarabarani kulipokea.